Baiskeli ya Zamu Hailali Nyumbani

Kila asubuhi watoto thelathini na wawili walimsubiri Kahaso kabla hawajamsubiri mwalimu.

Kahaso alikuwa mpishi wa uji katika shule ya chekechea huko Mnarani. Wengi wa watoto hao walitoka nyumbani na tumbo tupu, kwa sababu wazazi wao waliondoka mapema kwenda vibaruani. Uji ulipaswa kuwa vikombeni saa mbili kamili. Ili uive saa mbili, moto uwashwe saa moja.

Zamani haikuwa taabu. Kahaso alikuwa akiishi hapo hapo Mnarani, hatua chache kutoka jikoni. Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake. Kahaso akahamia ng'ambo ya daraja, mtaa wa Kiwandani mjini Kilifi, kwa wifi yake Kadzo. Mume wa Kahaso, Mwaringa, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, na alirudi mwisho wa mwezi tu.

Kwa Kadzo palikuwa pazuri, ila palikuwa mbali. Maji ya mfereji yalitoka alfajiri tu, na foleni ya madumu ilikuwa ndefu. Kahaso alipomaliza kuteka, ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Kutoka hapo hadi shuleni, kwa miguu, ni saa nzima. Tuktuk ya kila siku ingemeza mshahara kabla haujaingia mkononi. Kwa hiyo alitembea, na kwa hiyo alichelewa. Barabara haina huruma na mtu mwenye bidii. Ni ndefu kwa mvivu, na ni ndefu vile vile kwa mchapakazi.

Siku moja ya Ijumaa, Mwalimu Wanjira, mkuu wa shule, alimfuata jikoni.

"Kahaso, jana mtoto mmoja alilala juu ya meza. Haukuwa usingizi. Ilikuwa njaa."

"Najua, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe mara nne. Uji wako hauna mfano, na watoto wanakupenda. Lakini uji wa saa mbili na nusu si uji wa asubuhi. Mwezi huu umebakisha wiki mbili. Ukichelewa tena hata mara moja, nitatafuta mpishi anayekaa karibu. Itaniuma, lakini nitafanya."

Kahaso aliosha sufuria mpaka ikang'aa, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Jioni alimweleza Kadzo. Kadzo alikuwa akichambua mchicha kwenye ungo.

"Wifi, na zile baiskeli za kijani?" aliuliza Kadzo. "Zile za kituo cha hapo barabarani. Wanaziita Baiskeli za Zamu. Unaichukua hapa, unaiacha kule. Mwingine anaichukua kule, anaileta hapa."

"Ni za nani?"

"Za ushirika. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo ya mwezi, basi." Kadzo alimtazama, akatabasamu. "Lakini sijui kama zina breki za kumzuia mwanamke wa miaka arobaini."

Kahaso alicheka. Alipokuwa msichana huko Ganze, alibeba maji kwa baiskeli ya kaka yake. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na mitano iliyopita. Lakini kazi ilikuwa moja, na nafasi ilikuwa moja. Alipiga moyo konde.

Jumamosi alikwenda kituoni. Palikuwa na pau ndefu ya chuma kando ya barabara, na baiskeli zimepangwa. Fundi wa kituo alikuwa binti mmoja aitwaye Kasiva. Alivaa ovaroli iliyojaa grisi, na alisema maneno machache kama mtu anayelipia kila moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujiandikisha."

"Kitambulisho. Namba ya simu."

Kahaso alimpa. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza. Kasiva alisema inatosha. Kila baiskeli ina namba yake. Unaituma namba hiyo kwa simu, unarudishiwa tarakimu nne za kufungulia kufuli.

"Kabla hujapanda, mambo matatu," alisema Kasiva. "Bana tairi, ujue lina upepo. Bana breki, ujue zinashika. Piga kengele, ujue inalia. Ikiwa na kasoro, usiipande. Chukua nyingine, unijulishe."

"Bana tairi, bana breki, piga kengele," alirudia Kahaso.

"Zamu moja ni dakika sitini. Ukimaliza, rudisha kituo chochote. Iingize kwenye pau mpaka isikike tak. Subiri ujumbe kwenye simu. Ujumbe ukiingia, zamu yako imekwisha."

Kahaso alitaka kuuliza neno. Lakini nyuma yake walisimama watu saba. Kuuliza si ujinga, ila foleni nayo ina macho. Aliondoka na swali lake.

Jumapili baada ya ibada alifanya mazoezi kwenye uwanja ulio karibu na kituo. Alivaa suruali ya Mwaringa ndani ya gauni, akajifunga leso kibwebwe ili nguo isiingie kwenye mnyororo. Alianguka mara mbili. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walimtania.

"Mama, punguza mwendo, utatupita."

"Nitawapita," alijibu Kahaso akijipangusa vumbi. "Ngojeni kesho."

Mara ya tatu magoti yalikumbuka. Alizunguka uwanja mara kumi. Kisha akamkabidhi Kasiva baiskeli mkononi, akashukuru, akaenda zake akichechemea kwa furaha.

Jumatatu alitoka saa kumi na mbili na robo, baada ya maji. Alibana tairi, akabana breki, akapiga kengele. Alikaa upande wa kushoto wa barabara. Pale darajani upepo ulivuma kwa nguvu na malori yalipita. Alishuka, akaisukuma baiskeli kwenye njia ya waendao kwa miguu, kama alivyoona wengine wakifanya. Ng'ambo akapanda tena. Kwenye kituo cha Mnarani, jirani na shule, mfagiaji wa asubuhi aliipokea baiskeli mkononi mwake, akamwingizia kwenye pau. Alifika shuleni moto wa jirani haujawashwa. Saa mbili kamili, vikombe thelathini na viwili vilitoa mvuke.

"Leo umeruka?" aliuliza Mwalimu Wanjira.

"Leo nimeruka," alisema Kahaso.

Mkosi ulimngoja jioni. Alirudi kituo cha Kiwandani na baiskeli nyingine, jua likizama. Kasiva hakuwepo. Hakukuwa na mtu yeyote wa kupokea baiskeli, ila pau ya chuma na barabara.

Kahaso alisimama na baiskeli yake. Alikumbuka maneno ya hawe wake, bibi aliyemlea kule Ganze. Hawe alikuwa akisema: cha mtu hukiachi mlangoni ukaenda zako. Unampa mwenyewe mkononi, macho kwa macho. Na chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Ukiazima ungo, uurudishe na konzi ya mahindi. Katika utoto wake wote Kahaso hakuwahi kuona mtu akiacha kitu cha kuazima njiani.

Je, aiache baiskeli ya wenyewe barabarani, gizani, kama mtu asiyefunzwa? Moyo ulikataa. Akaisukuma hadi nyumbani.

"Hiyo ndiyo adabu," alisema Kadzo.

Waliiosha kwa sabuni. Waliikausha kwa leso kuukuu. Waliitandikia gunia, wakailaza ndani, karibu na madumu. Simu ya Kahaso ililia mara mbili.

"Ni wale wa bahati nasibu," alisema Kadzo. "Wanataka kukupa milioni."

Kahaso aliigeuza simu kifudifudi, akaanza kukanda unga wa mahamri. Aliwaza namna Kasiva atakavyofurahi.

Asubuhi Kadzo alishika foleni ya maji. Kahaso alifika kituoni saa kumi na mbili, na baiskeli inayomeremeta, na mahamri manne kwenye karatasi. Pau ilikuwa tupu. Kasiva alikuwa amechuchumaa akiziba pancha ya baiskeli moja. Kando yake alisimama mwanamke mwenye nguo nyeupe za kazi na mtandio mweusi. Aliitwa Sumeiya, muuguzi wa wadi ya watoto hospitalini.

Kasiva aliinuka. "Mama, hii ilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Sikumkuta mtu wa kumkabidhi. Nimeiosha, nimeilaza ndani. Na haya ni mahamri yako."

Kasiva alimtazama Sumeiya. Sumeiya alishusha pumzi.

"Sina neno nawe, dada," alisema. "Lakini nimesimama hapa tangu saa kumi na moja u nusu. Mwenzangu amekesha na watoto wagonjwa usiku kucha. Hawezi kutoka mpaka mimi niingie. Ningekuwa nimeshafika."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Kahaso. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ichukue, dada. Niwie radhi."

Sumeiya alijaribu breki, akapanda, akaenda.

"Nami nipe hiyo nyingine ukiimaliza," alisema Kahaso. "Nina moto wa kuwasha saa moja."

"Hebu nione simu yako." Kasiva alisoma. "Walikuandikia jana mara mbili. Zamu ilikuwa imepita saa yake. Sasa umefungiwa siku tatu."

"Siku tatu? Mwanangu, ni kazi yangu hiyo."

"Sheria ni moja kwa wote, mama. Siwezi kukufungulia wewe nikamfungia mwingine."

Kahaso hakubishana. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Alimtia Kasiva mahamri mkononi, akavua ndala, akakimbia.

Alikimbia na kutembea, akatembea na kukimbia. Pale darajani mbavu zilimuuma. Vijana wa bodaboda walimwona, na siku hiyo hawakutania. Alipofika jikoni, Mwalimu Wanjira alikuwa mlangoni akiangalia saa yake. Ilikuwa saa moja kasoro dakika moja.

"Umefika," alisema mwalimu.

Kahaso aliwasha moto. Saa mbili kamili uji ulikuwa vikombeni.

Mtu mwingine angesusa. Angesema, baiskeli zao na wakae nazo. Hasira zilikuwepo, sitaki kumsingizia wema mtupu. Lakini Kahaso alikuwa na watoto thelathini na wawili na siku nane za shule mbele yake. Mchana alikwenda moja kwa moja kituoni kwa Kasiva.

"Nimekuja unifunze," alisema. "Leo sitaki kuogopa foleni. Kwetu, kitu cha mtu unamrudishia mkononi. Hapa nimrudishie nani?"

Kasiva alifuta grisi vidoleni. Mahamri alikuwa ameyala, na ulimi wake ulikuwa umelegea kidogo.

"Mama, huko kwenu maji mlitekaje?"

"Kisimani. Kwa kamba na ndoo."

"Ndoo ya nani?"

"Ya kisima. Ya wote."

"Ukimaliza kuteka, ulimkabidhi nani?"

"Hapana mtu wa kumkabidhi. Unaitundika palepale, anayekuja aikute."

"Na mtu angeichukua hiyo ndoo akailaza kwake, akaiosha kwa sabuni, akaileta asubuhi inang'aa?"

Kahaso alicheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe.

"Angetukanwa na kisima kizima," alisema.

"Basi. Wewe hukuazima baiskeli. Umepata zamu. Mwenyewe ni yule anayekuja baada yako. Ukiiweka kwenye pau, umempa mkononi."

"Na mwizi?"

"Kufuli linamshinda. Likisema tak na ujumbe ukaingia, baiskeli si mzigo wako tena. Ujumbe usipoingia, usiondoke. Vuta, irudishe, itie tena. Bado ukikosa, nipigie. Namba yangu iko kwenye bango."

"Na nikikuta pau tupu, kama Sumeiya leo?"

Kasiva alimwonyesha. Kuna namba fupi ya kubonyeza. Simu inakujibu kila kituo kina baiskeli ngapi. Kiwandani, Sokoni, Hospitali, Mnarani. Kahaso alibonyeza mwenyewe mara tatu, mpaka vidole vikashika.

"Na jumbe usizidharau, mama. Si zote ni za bahati nasibu."

Siku mbili zilizobaki za adhabu Kahaso alitembea. Kadzo alimshikia foleni ya maji ili aondoke mapema.

"Nilikusifu kwa kosa," alisema Kadzo. "Acha nibebe madumu, ndiyo faini yangu."

Jumatano alifika mapema. Alhamisi alifika mapema. Miguu ilivimba, akaikanda kwa maji ya moto na chumvi ya Marereni. Ijumaa kufuli lilifunguka, na Kahaso akapanda kama aliyepewa mbawa.

Tangu siku hiyo hakubeba tena baiskeli nyumbani. Jioni aliiingiza kwenye pau, akasikiliza tak, akasubiri ujumbe, akausoma polepole: "Asante. Zamu yako imekwisha." Siku za mwanzo alipiga hatua kumi, akageuka kuangalia nyuma. Kisha hatua tano. Kisha hakugeuka.

Lakini neno moja la hawe lilikataa kumtoka moyoni. Chombo hakirudi kitupu. Amtilie nini mtu asiyemjua? Mahamri kwenye kikapu yangeliwa na kunguru. Jumatatu ya wiki iliyofuata, umande ulikuwa umelowesha viti vyote vya baiskeli. Kahaso alipanda akafika kazini na gauni bichi nyuma. Basi jioni akachana leso yake kuukuu, ile ya maua mekundu yaliyopauka. Akachukua kipande kimoja. Jumanne alipoifikisha baiskeli Mnarani alikifuta kiti vizuri, akakifunga kitambaa kwenye usukani kwa fundo la kulegeza.

Kasiva aliliona fundo hilo kesho yake. "Hii ni kazi yako, mama?"

"Ni mahindi ya kwenye ungo," alisema Kahaso.

Kasiva hakuelewa, lakini hakukifungua kile kitambaa. Baiskeli ile ilizunguka mji, na hadi Alhamisi Kahaso hakuwa ameiona tena.

Siku ya mwisho ikafika, Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Siku moja tu ilibaki kati ya Kahaso na kazi yake, na mbingu zilikuwa zimefunguka.

"Chukua tuktuk," alisema Kadzo. "Leo tu. Nitakukopesha."

"Tuktuk zote zimejaa, wifi. Nimechungulia."

Alijifunika turubai dogo, akatoka. Pau ya Kiwandani ilikuwa tupu. Kahaso alisimama kwenye mvua akiitazama. Zamani angekaa pale akingoja bahati. Sasa aliitoa simu, akaikinga kwa kiganja, akabonyeza namba fupi. Jibu likaja. Kiwandani, sifuri. Hospitali, sifuri. Sokoni, moja.

Moja inamtosha mtu mmoja. Alikwenda Sokoni kwa hatua ndefu, akiruka madimbwi. Dakika kumi baadaye aliiona, peke yake kwenye pau. Aliyeileta alikuwa ameshaondoka. Kahaso alifikia tairi alibane, na mkono ukasimama hewani.

Kwenye usukani palikuwa na kitambaa cha maua mekundu yaliyopauka.

Hakikuwa kama alivyokifunga yeye. Mtu alikuwa amekikamua, akakifunga upya kwa fundo lake. Na mtu huyo alikuwa ametafuta mfuko wa gunia la nailoni, akauvisha juu ya kiti na kuubana kwa uzi. Kahaso aliufunua. Mvua ilikuwa inamwagika juu ya mji mzima, na kiti kilikuwa kikavu.

Machozi yalimtoka, yakachanganyika na maji ya mvua. Hakuwa na nafasi ya kuyafuta. Alibana tairi, akabana breki, akapiga kengele. Mvua imelowesha breki, akakumbuka, basi aende taratibu na azibane mapema. Alikwenda taratibu. Darajani alishuka, akasukuma. Gari moja lilimrushia maji toka kichwani hadi miguuni, na Kahaso aliendelea tu. Kituo cha Mnarani kilisema tak. Alisubiri ujumbe, ukaingia. Kisha akafanya jambo moja kabla ya kukimbilia jikoni.

Saa mbili kamili, vikombe thelathini na viwili vilitoa mvuke. Watoto walikuja na miguu ya matope na pua za baridi. Walishika vikombe kwa mikono miwili, na darasa likanyamaza kwa sababu ya kunywa.

Mwalimu Wanjira naye alishika kikombe. Alikunywa chote ndipo akasema.

"Leo walimu wawili wamechelewa. Wote wanakaa Mnarani." Aliweka kikombe chini. "Jumatatu uje na kitambulisho, Kahaso. Nitakuandikia kazi ya mwaka mzima."

Kahaso alisema asante kwa sauti ndogo. Kisha akageuka upande wa sufuria, maana uso wake haukutaka kutii.

Jioni alimsimulia Kadzo yote. Kadzo aliacha kukuna nazi, akasikiliza habari ya kile kiti kikavu hadi mwisho.

"Ni nani aliyekifunika?"

"Sijui."

"Labda yule muuguzi?"

"Labda. Labda mtu mwingine."

"Basi hukumshukuru," alisema Kadzo, na ilimsikitisha kweli.

"Nimemshukuru," alisema Kahaso. "Nilipofika Mnarani nilikifuta kile kiti, nikakifunika tena."